Kisiwa Kilichobebwa Kichwani

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na zimwi nyuma, maji mbele, na watu katikati.

Basi hapo zamani palikuwa na ziwa kubwa, na kando yake walikaa watu waliolima mtama na kufuga mbuzi. Wangeishi vizuri, ila mlimani juu yao lilikaa zimwi. Zimwi hilo lilikuwa jiwe mwili mzima. Kichwa jiwe, kifua jiwe, vidole vya miguu mawe. Lilishuka likala watu, likapanda likalala, likaamka likashuka tena. Mkuki haukuliingia. Moto haukuliunguza. Mitego liliikanyaga ikavunjika.

Siku moja mtu mmoja akasema, jiwe haliogelei. Wala mtumbwini halipandi, maana litazama nao. Watu wakatazamana. Wakaona kwamba pa kukimbilia ni majini.

Kisiwa hakikuwepo, wakakijenga. Walichonga nguzo za mti mgumu wakazikita kwenye matope ya ziwa, mduara mzima. Ndani ya mduara wakajaza magogo, juu ya magogo matete, juu ya matete mawe, juu ya mawe udongo. Kazi hiyo iliwachukua miaka mitatu, na katika miaka hiyo zimwi lilikula watu kumi na wanane. Lakini kisiwa kikaisha. Wakajenga nyumba za duara, wakavusha wazee, wakavusha mbuzi, wakavusha moto.

Njia ya kwenda huko waliificha. Walipanga mawe ndani ya maji, kiganja kimoja chini ya uso wa ziwa, na njia hiyo ikapinda mara tatu. Mgeni akienda moja kwa moja anatumbukia. Njia haikutajwa kwa mdomo, hata nyumbani. Mtoto aliijua kwa miguu, kwa kumfuata mama yake nyuma ameshika nguo.

Shida ilikuwa moja. Kisiwa kilichojengwa na watu hakitulii. Magogo yanaoza, matope yanameza, na kila mwaka maji yanapanda kidogo. Kwa hiyo wakaweka desturi: kila atakayevuka jioni kurudi nyumbani abebe jiwe moja kichwani, liongezwe ukingoni. Jiwe hilo alitafute mwenyewe mlimani. Asipokezwe na mtu, wala asiokote lililokusanywa. Wazee walisema jiwe lisilojulikana lilikotoka lisilazwe chini ya vichwa vya watoto.

Langoni alikaa mlinzi. Ukifika na jiwe lako alikuuliza, "Jiwe la wapi?" Nawe ukajibu, "La mlimani, nimelitafuta mwenyewe." Asiyekuwa na jiwe alilala ng'ambo.

Miaka ikapita mingi. Zimwi halikushuka tena. Walioliona walikufa, waliosimuliwa wakazeeka, na watoto wao wakabaki na desturi tu ya jiwe, kama mtu anavyobaki na ufunguo wa nyumba asiyoijua.

Sasa, katika kisiwa hicho alikuwapo mwanamke jina lake Nyangeta. Mumewe aliitwa Mafuru, mvuvi, na wavuvi walirudi kwa mitumbwi, kwa hiyo kazi ya jiwe ilibaki ya wanawake. Binti yao mdogo, Nyabise, alikuwa bado wa mgongoni. Na mama yake Mafuru, Bi Nyamumwi, ndiye aliyekuwa mlinzi wa lango. Macho yake yalikwisha zamani, lakini mikono yake ilijua kila jiwe la ukingo ule. Alilipapasa jiwe, akaligeuza, akalilaza mahali pake, na halikutikisika tena.

Nyangeta aliamka akasaga. Akavuka na mtoto mgongoni, akalima, akakata kuni, akafunga mzigo. Kisha, wakati mwili umekwisha kabisa, ndipo alipotakiwa kupanda mlima kutafuta jiwe. Na mawe ya karibu yalikuwa yameisha. Watu walikuwa wakiyaokota tangu enzi za babu zao, basi kila mwaka ilibidi kwenda mbali kidogo zaidi. Mama yake Nyangeta alipata jiwe lake kwenye kilima cha kwanza. Nyangeta alilipata nyuma ya kilima cha tatu.

Siku moja mtoto alishikwa na homa huko huko shambani. Mwili wa moto, midomo mikavu, hata kulia halii. Nyangeta akatazama mlima, akatazama jua, akajua akipanda hatawahi. Akawa anashuka kwenda majini mikono mitupu, hajui atasema nini langoni.

Pale njia inaposhukia ziwani akamkuta mzee ameketi. Mzee mkubwa, mabega mapana kama mlango, amejifunika ngozi ya ng'ombe toka kichwani hadi chini. Mbele yake palikuwa na lundo la mawe, mazuri, ya kufaa kichwa. Sauti yake ilikwaruza kama jiwe la kusagia.

"Mjukuu wangu, umechoka?"

"Nimechoka, babu."

"Basi chukua la karibu."

Nyangeta hakumjua mzee yule. Alijua pia kwamba jiwe la kupewa halibebwi. Lakini mtoto alikuwa anaungua mgongoni. Akachukua, akashukuru, akavuka.

Langoni Bi Nyamumwi akauliza, "Jiwe la wapi?"

"La mlimani, nimelitafuta mwenyewe."

Bi Nyamumwi akalipapasa. Akasema jiwe lina joto. Nyangeta akamwambia ni jua la leo, akapita haraka kwenda kumkanda mtoto kwa maji. Homa ikashuka. Asubuhi mtoto akaomba uji. Basi uwongo ule ukaonekana umefanya kazi yake, na Nyangeta hakuona sababu ya kuutaja.

Kesho yake mtoto alikuwa mzima, lakini mzee alikuwa bado pale pale. Akamuuliza vile vile, akajibiwa vile vile, akamwambia vile vile achukue la karibu. Nyangeta akachukua.

Siku ya tatu alikuwa na Nyakwesi, jirani yake, mwanamke wa mdomo mwepesi. Nyakwesi alipoona lile lundo akacheka mpaka akashika magoti. Akamwambia Nyangeta, "Kumbe ndiyo maana siku hizi unafika nyumbani na meno nje, nikadhani mumeo ameacha kukoroma." Akachagua jiwe lake, akamuaga mzee kwa adabu zote. Kabla ya mwezi kwisha, wanawake wote wa kisiwa walikuwa wakipita kwa mzee.

Na kila mmoja langoni alijibu, "La mlimani, nimelitafuta mwenyewe." Walijibu kama mtu anavyoitikia hodi, bila kusikia anachosema.

Tuseme ukweli, maisha yakawa rahisi. Wanawake walirudi jua likiwa juu. Chakula kikaiva mapema. Watoto walilala wameshiba, na mama zao wakapata saa moja ya kukaa tu, kitu ambacho hawakuwahi kukijua. Kisiwa nacho kikaanza kupanda. Maji yaliyokuwa yakilamba vizingiti yakarudi nyuma. Mafuru akawasifu wanawake mbele ya wavuvi wenzake, akasema mwaka huu wamefanya kazi ya wanaume.

Bi Nyamumwi naye akasifu. Jioni moja alimwambia Nyangeta kwamba zamani alikuwa akihofia wanawake wa siku hizi, ila sasa haogopi tena. Siku hiyo Nyangeta alitaka kumwambia. Neno lilifika kooni. Lakini chungu kilikuwa kinafurika, mtoto analia, na mkwe wake alikuwa amefurahi. Akaona atamwambia kesho.

Kesho hakumwambia. Kesho kutwa hakumwambia. Mtondo hakumwambia.

Jambo moja lilikuwa la ajabu, na waliliona kwa macho yao. Kila mawe yalipochukuliwa, mzee naye alipungua. Kwanza mabega yalikuwa ya mlango, yakawa ya mtu wa kawaida. Kisha akawa na mkono mmoja tu nje ya ngozi. Kisha akawa mdogo kama kijana. Nyakwesi akamtania, "Babu, mbona unakwisha? Bibi hapiki?"

"Uzee, mjukuu wangu," akajibu. "Uzee unamla mtu kidogo kidogo."

Wakacheka. Waliona ajabu, lakini kila mmoja alikuwa na mzigo wa kuni kichwani mwake, na mtu mwenye mzigo hasimami kuchunguza.

Siku moja mawingu yalitanda mchana. Wanawake wakakimbilia nyumbani mapema, Nyangeta akabaki peke yake kumalizia mstari wa mwisho wa palizi. Aliposhuka ziwani mvua ilikuwa imekwisha kuanza. Lundo halikuwapo. Palikuwa na jiwe moja tu, la mviringo, jekundu jekundu, kiasi cha kichwa cha mtoto. Nyuma yake ile ngozi ya ng'ombe ilikuwa imekaa kama kikapu kilichofunikwa, ndogo.

"Mjukuu wangu, umechoka?"

"Nimechoka, babu."

"Basi chukua la karibu. Ni la mwisho."

Nyangeta akainama akalinyanyua. Alipoinuka akaona ngozi imelala chini, bapa, hakuna mtu ndani yake. Akaita babu, babu, hakuitikiwa. Akajiambia mzee amekwenda vichakani kujisaidia. Akaanza kuvuka.

Kwenye kona ya kwanza jiwe lilipata joto. Akasema ni kichwa changu.

Kwenye kona ya pili jiwe lilianza kupiga, taratibu, kama ngoma inayojaribiwa. Akasema ni damu yangu, sijala tangu asubuhi.

Kwenye kona ya tatu akasimama. Sasa hakuwa na la kujidanganya. Maji yalikuwa kulia na kushoto, na kulitupa kulikuwa ni kuinamisha shingo tu. Lakini bila jiwe angelala ng'ambo, na mtoto mgongoni, kwenye mvua ile. Na angeulizwa kwa nini amerudi mikono mitupu, na swali hilo lingefungua mengine. Akaenda mbele.

Bi Nyamumwi alikuwa langoni, nguo imemganda mwilini kwa mvua. Akauliza, "Jiwe la wapi?"

"La mlimani, nimelitafuta mwenyewe."

Akalipokea. Mara mikono yake ikasimama. Akalileta karibu na sikio. Akauliza tena, polepole, "Mama Nyabise, jiwe la wapi?"

"La mlimani, mama. Nimelitafuta mwenyewe."

Bi Nyamumwi akaligeuza jiwe mkononi. Kisha akasema, "Mwanangu, nakuuliza mara ya tatu, maana mimi sioni. Macho yangu ni ninyi. Jiwe la wapi?"

Angesema wakati ule, jiwe lingetupwa majini. Lilikuwa bado mikononi mwa mwanamke aliyejua kulitupa mbali. Nyangeta alikuwa amelowa, ana njaa, mtoto anatetemeka, na uwongo ulikuwa mfupi kuliko ukweli.

"Nimelitafuta mwenyewe," akasema.

Bi Nyamumwi akainama, akalilaza jiwe mahali pake, kwenye pengo lililokuwa limebaki.

Kisiwa kikavuta pumzi.

Kwanza nguzo zililia. Kisha udongo katikati ya nyumba ukapasuka, na mkono ukatoka. Mkono wa jiwe. Mawe yote ya mwaka ule, waliyoyabeba mmoja mmoja kichwani, yalikuwa yanatambaa chini ya ardhi yakitafutana. Kidole kikapata kidole, goti likapata paja, na ule moyo ulioingia mwisho ukashuka kifuani. Zimwi likaketi katikati ya kijiji, udongo na matete vikimwagika mabegani. Likanyoosha mkono likachukua mbuzi, moja, mbili, tatu, likala. Kisha likacheka kwa sauti ile ile ya kukwaruza.

"Wajukuu wangu, ahsanteni. Njia sikuijua, mkanibeba."

Wanaume walikuwa ziwani na mitumbwi. Waliokuwa nyumbani ni wanawake, watoto na wazee, na wote walikimbilia langoni. Lakini mvua ilikuwa imevuruga maji, mawe ya njia hayakuonekana, na watu wenye hofu husahau hata njia za miguu yao. Wa kwanza akatumbukia. Wa pili akatumbukia. Wa tatu akasimama akapiga kelele, na waliokuwa nyuma wakaanza kusukumana.

Ndipo Bi Nyamumwi akafanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa. Akasimama kwenye ukingo, akaitaja njia kwa mdomo.

"Hatua ishirini mbele. Pinda mkono wa kuume, hatua tisa. Pinda wa kushoto, hatua kumi na nne. Pinda wa kuume tena, hatua sita. Shikaneni nguo. Hatua ishirini mbele."

Akaisema tena na tena, bila kuharakisha, kama anayeongoza watoto kuhesabu. Watu wakasikia sauti, wakashikana nguo, wakaenda. Waliotumbukia wakavutwa. Nyangeta alikuwa karibu naye. Akamshika mkono, akamwambia, "Mama, twende."

"Nikiondoka nani atawahesabia? Nenda, mbebe mtoto."

"Mama, lile jiwe..."

"Najua," Bi Nyamumwi akasema. "Nilijua ulipojibu mara ya tatu. Nikaona heri nikuamini. Nenda."

Nyangeta akaenda. Angebaki wangekufa watatu. Hilo analijua, na halikumsaidia hata siku moja.

Zimwi nalo lilikuwa limesikia njia. Likasimama wima, refu kuliko nyumba zote, likaifuata sauti langoni. Lakini halikujua kitu kimoja, kwa sababu lenyewe halikujenga. Chini ya kisiwa kile hapakuwa na mwamba. Palikuwa na magogo na matete juu ya matope, kazi ya watu wepesi waliohesabu uzito wa kila kitu. Likiwa vipande, kisiwa kililibeba. Lilipokusanya uzito wake wote kwenye mguu mmoja, magogo yakakatika.

Mguu ukazama hadi gotini. Likaukanyaga mwingine, ukazama hadi kiunoni. Likajishika kwenye ukingo, ukingo ukabomoka, na nguzo za babu zao zikalala moja baada ya nyingine. Waliokuwa wamefika kona ya mwisho walisikia bado, "hatua tisa, pinda wa kushoto." Kisha hawakusikia.

Maji yakafunga. Yalitoka mapovu kwa muda, yakaelea matete na mitungi na mlango wa nyumba ya mtu, basi.

Mvua ilikatika kabla jua halijazama. Wanaume walikuwa wameona kisiwa kikishuka, wakapiga makasia hadi ng'ambo. Kila mmoja alishuka mtumbwini akitafuta wa kwake. Mafuru akamwona mkewe, akamwona binti yake, akawashika wote wawili. Kisha akatazama nyuma yao.

"Mama yuko wapi?"

Nyakwesi, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, akaanza kueleza kwamba zimwi limetokea tu, chini, hakuna ajuaye lilivyoingia. Alipokuwa akisema alimtazama Nyangeta kwa macho ya kuomba. Na wanawake wengine walimtazama hivyo hivyo, maana kila mmoja alikuwa amebeba kipande. Ingewezekana kabisa kunyamaza. Hakuna mwanamume aliyejua, na aliyejua alikuwa chini ya maji.

Nyangeta akasema, "Nimelileta mimi."

Akamsimulia yote. Homa, mzee, lundo, maneno ya langoni, jiwe jekundu. Hakuwataja wenzake. Akamwambia pia kwamba mama yake aliuliza mara tatu, na mara zote tatu yeye alimjibu uwongo. Wakati huo wote Mafuru alikuwa amesimama na samaki wake mkononi. Aliposikia hadi mwisho akamkabidhi samaki, akapanda mtumbwi, akaenda kuzunguka pale kisiwa kilipokuwa. Alizunguka mpaka giza likaingia. Alirudi na utepe wa kitambaa, na hata hicho hakuwa na hakika ni cha nani.

Nyakwesi alikaa kimya usiku huo. Asubuhi akaja mbele ya watu akasema naye alibeba, mawe mengi kuliko siku za mwezi. Akafuata mwingine, na mwingine. Ilikuwa vizuri kwamba walisema. Hakuna kilichorudi.

Zimwi halikuonekana tena, kwa hiyo watu wakabaki nchi kavu. Wakajenga, wakapanda mtama, hakuna aliyewafukuza. Hawakuwa na haja tena ya kubeba mawe. Wengine husema waliipata amani kwa bei nafuu, mtu mmoja tu, tena mzee. Wanaosema hivyo hawakumjua.

Na Mafuru hakumpiga mkewe wala hakumrudisha kwao. Aliendelea kumletea samaki, akaendelea kula chakula chake, wakazaa watoto wengine wawili. Lakini tangu siku ile hakumuuliza tena jambo lolote ambalo jibu lake lingetaka kuaminiwa. Nyangeta akichelewa shambani haulizwi alikuwa wapi. Mtoto akiugua haulizwi ameanza lini. Majirani walimwambia ana bahati ya mume asiye na maswali. Naye aliitikia, akaendelea kuchochea moto.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni pa ziwa. Mbele ya hapo ni maji.

Na funzo lake ni hili. Ukichoka, sema umechoka. Wenzako watakusikia, au hata wakikukasirikia, asubuhi itafika. Usiseme umefanya usichofanya, hasa kwa mtu anayekutegemea uwe macho yake. Atakayelipa anaweza asiwe wewe. Sasa kaosheni miguu, mkalale.